Kama Ng'ombe, kwa Nini Si Punda?

Kuanzia mwaka 2018 hadi serikali ilipoifunga biashara ile, kazi yangu ilikuwa kununua punda wa kuchinjwa. Sikuwa mchinjaji wala mwenye mtaji. Nilikuwa mtu wa kati: nazunguka minadani Kishapu na Tinde, naingia vijiji vya Kahama, navuka hadi upande wa Geita, nachagua, napatana bei, napakia kwenye lori, nalipwa kwa kichwa. Walionituma sitawataja, na walikopelekwa punda wale sitapataja. Haya ni maungamo, si mashtaka.

Niseme mapema ninachokiungama. Kununua punda kulikuwa na vibali vyake, na tuliokuwa tukifanya kazi hiyo tulikuwa wengi. Kinachoninyima raha zaidi ni maneno yangu. Kila aliyenikunjia uso mnadani nilimnyamazisha kwa swali moja: kama ng'ombe anachinjwa, kwa nini si punda? Lilikuwa swali zuri. Mpaka leo sijamsikia mtu akilijibu vizuri huku ameshika mfupa mkononi. Lakini nililipata kwa mtu aliyelitumia kuwatetea ng'ombe, mimi nikaligeuza kuwamaliza punda.

Niliajiriwa kwa sababu ya macho na vidole vyangu. Nilisoma chuo cha mifugo, nikapata astashahada, ajira ya serikali nikaikosa. Elimu yenyewe haikupotea. Nikimfunua punda mdomo naona umri wake: vile vishimo vya juu ya meno ya mbele vimefutika kiasi gani, meno ya pembeni yamekaaje. Nikimpitishia mkono mgongoni najua kama kuna usaha uliojificha chini ya ngozi. Na nilijua jambo ambalo baadhi ya wauzaji hawakulijua, kwamba punda huficha maumivu. Atasimama kimya, masikio yamelegea kidogo, anakula polepole, na mwenye haraka atasema huyu mzima. Nilijua pia kwamba punda waliozoeana ukiwatenganisha, mmoja anaweza kugoma kula, na punda aliyegoma kula kwa siku chache mafuta hujaa kwenye damu yake hadi ini likashindwa kazi.

Yote hayo nilifundishwa, nikayajibu kwenye mtihani. Nilikariri na zile haki tano za mnyama: asiachwe na njaa na kiu, asikae mahali pa karaha, asiachwe na maumivu na maradhi, apewe nafasi ya kuishi kwa tabia yake, asiishi kwa hofu. Nilijua kwamba tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Halafu usiku, kwenye lori, punda walisimama wamebanana mpaka asubuhi bila tone la maji, na aliyewapanga vile ni mimi mwenye cheti.

Kuhusu ngozi, wakati ule tulitosheka kusema "Wachina wanazitaka". Siku hizi naielewa biashara yenyewe. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya asili ya Kichina ambayo watu huitumia kuongeza damu, kuondoa uchovu na kwa urembo. Kipato cha watu kule kilipopanda, wateja wakaongezeka. China ilikuwa na punda kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miaka thelathini baadaye walikuwa wamebaki chini ya milioni 3. Jike la punda hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine na zaidi, akazaa mmoja tu, na huyo mmoja ana miaka kadhaa ya kukua kabla naye hajazaa. Hakuna zizi linaloweza kukimbizana na kiwanda kwa mwendo huo. Ndipo wanunuzi wakaigeukia Afrika. Kenya walifungua machinjio ya punda kuanzia mwaka 2016, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Mwaka 2019 watafiti wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, wakaonya kwamba kwa kasi ile nchi ingeweza kuishiwa punda kufikia 2023. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa huko, Peter Munya, akatangaza marufuku.

Niliposikia habari hiyo nilifurahi. Nilijiambia: soko sasa limebaki kwetu.

Mnadani tulikuwa na methali zetu. "Fadhila za punda ni mateke," anasema mmoja huku akimchapa mnyama apande lori. "Punda afe, mzigo ufike," anamjibu mwenzake, na wote tunacheka. Mnyama huyu keshatukanwa vya kutosha katika lugha yetu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafuta tusi jipya ili amchinje kwa amani.

Wapo waliotukatalia, na wengi walikuwa na sababu moja kati ya tatu. Wazee wa Kisukuma walisema punda haliwi kwetu, ni kinyaa. Hao niliwauliza kitimoto kimeanza kuliwa lini kwenye familia zao, maana jioni Kahama mjini moshi wa nguruwe unaonekana mbali na wajukuu zao ndio wateja. Waislamu walisema ni haramu. Hao niliwaambia hakuna aliyewakaribisha mezani, nyama na ngozi zinasafiri. Wa tatu ndio waliokuwa karibu na ukweli: walisema punda ni mfanyakazi, na mfanyakazi haliwi.

Na maksai je? Hapo ndipo nilipokuwa nawamaliza. Maksai tunamhasi akiwa kijana. Tunamfunga nira, analima shamba la pamba na la mpunga, anavuta mkokoteni, anapewa jina na ukimwita anageuka. Miguu ikianza kumsaliti tunamtoa shambani, tunamlisha pumba na mashudu ya pamba anenepe, tunampeleka mnadani. Anayemshika kamba siku hiyo mara nyingi ni yuleyule aliyekuwa akimwongoza kwenye mifereji. Nani alilia? Nani aliandamana? "Mzee," nilikuwa nasema, "wewe umemla mfanyakazi wako mwenyewe uliyempa jina. Mimi namnunua wa mtu mwingine, hana jina, na nalipa fedha taslimu."

Hawakuwa na jibu. Nilishinda, nikapakia.

Swali lenyewe sikulitunga mimi. Nilipewa na mpwa wangu, mtoto wa dada, fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu, Geita. Ni Msabato. Wasabato wa Kanda ya Ziwa wengi hufuata mpaka ulioko kwenye Mambo ya Walawi, kati ya nyama safi na najisi. Wengine, wakishapata somo la afya makambini, huenda mbele zaidi wakaiacha nyama yote. Mpwa wangu aliiacha kwa ajili ya afya kwanza. Baadaye akaanza kusoma kwenye simu habari za watu walioiacha kwa ajili ya mnyama mwenyewe. Alinisimulia habari za Donald Watson, Mwingereza aliyeanzisha na wenzake mwaka 1944 chama cha watu wasiotumia nyama, maziwa wala mayai. Alinitajia Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia aliyeandika kitabu mwaka 1975 akidai kwamba maumivu ni maumivu, na aina ya mwili yanamotokea haiyapunguzii uzito.

Nikamwambia hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba. Akacheka, akanipa habari za Abu al-Ala al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Syria aliyefariki mwaka 1057. Huyo alikataa nyama, maziwa na mayai, na hata asali aliikataa, kwa kuwa nyuki hakuitengeneza kwa ajili yetu. Sikuwa na la kusema kuhusu Mwarabu wa karne ya 11.

Siku hiyo tulikuwa kwa mama ntilie, mimi na bakuli la supu ya makongoro, yeye na chapati kwa maharage. Karasha zilikuwa zinanguruma nyuma yetu, tukawa tunapaza sauti.

"Mjomba, naomba nikuulize bila kukukosea adabu. Wewe hawa wanyama umewasomea. Ng'ombe akichinjwa anasikia maumivu?"

"Anasikia."

"Na punda?"

"Anasikia."

"Na mbuzi?"

"Wewe mtoto vipi? Wote wanasikia."

"Basi mbona ng'ombe yumo kwenye bakuli lako, na mbwa akigongwa barabarani unasema masikini?"

Sikumjibu. Nilimaliza supu, nikalipia vyote viwili, nikaondoka. Lakini maneno yake niliondoka nayo, na nilipobanwa mnadani na mzee mmoja wa Kishapu, nikayatoa yakiwa yamegeuzwa juu chini. Mpwa wangu alikuwa amesema wote wanaumia, basi tuwaache wote. Mimi nikasema wote wanaumia, na ng'ombe hatujamwacha, basi huyu naye apande lori.

Mpwa wangu alipopata habari kwamba natamba na swali lake minadani alinipigia simu. Hakufoka, mtoto wa dada hamfokei mjomba. Aliniuliza tu: "Mjomba, mtu akigundua kwamba amekuwa akiwaonea watoto wawili wa kambo nyumbani kwake, atamtafuta wa tatu amwonee naye ili pasiwe na upendeleo?" Nikamwuliza amekuwa mchungaji tangu lini, nikakata simu.

Leo nikilitazama jambo hili naona nilipojidanganya. Hoja ya usawa inakuonyesha tu kwamba huku umetenda hivi na kule vile, na kwamba huna sababu ya kutofautisha. Haikuambii urekebishe upande upi. Unaweza kumpandisha punda kwenye sahani, unaweza kumshusha ng'ombe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo katikati na fedha zikiwa upande mmoja, nikaita uchaguzi wangu mantiki. Hata sauti niliyokuwa nikitumia ilikuwa ya mtu mkweli asiyependa unafiki. Watu waliniheshimu kwa hilo. Mchuuzi mwenzangu mmoja alikuwa akiniita "profesa".

Kitu kingine nilichokuwa nakijua na kukikalia kimya ni suala la lazima. Kila Msukuma atakwambia ng'ombe ni benki, ni mahari, ni jembe, ni mbolea, na mwaka wa ukame ni gunia la mahindi linalotembea kwa miguu yake. Ni kweli, na mimi nimelelewa na ukweli huo. Mpwa wangu hakuwahi kuupinga. "Bibi anayekula nyama siku ya msiba simwendei na somo," alisema. "Nakwambia wewe unayeanza asubuhi na supu ukamaliza jioni na nyama choma."

Na hakuna wa kutufundisha sisi wa huku lazima ni nini. Mwezi Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, huko Kahama, uliporomoka. Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Nani atawahesabia mende na vyura? Hata huyo Mwarabu wa asali naamini angenyamaza. Lakini mimi sikuwa Nyangalata. Mimi nilikuwa juu, mwenye simu mbili na bodaboda ya kukodi kwa siku nzima, na nilichokula kilitokana na kupenda.

Jambo la ajabu ni kwamba mchanganyiko wa chakula bila nyama, ambao mpwa wangu alionekana ameutoa mbali, ulikuwa uani kwetu. Mtu aliyekulia Usukuma amekua kwa ugali wa mtama au udaga, mlenda, nsansa ya majani ya kunde yaliyokaushwa, michembe na karanga. Nyama ilikuwa ya sherehe. Nchi yetu ya udongo mweusi inaotesha dengu na choroko, na sehemu kubwa ya dengu hizo husafiri hadi India kulisha watu, na kati yao wapo wengi wasiogusa nyama. Wakulima wa mbaazi hapa Tanzania hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza na bei ikaanguka. Tunalima chakula cha wala mboga kwa magunia, tunakiuza, kisha fedha tunakwenda kununulia firigisi. Na kwenye machimbo ni zaidi. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema, dhahabu hiyo lazima ionekane, na inaonekana kwa nyama: kuku mzima, mbuzi mzima, meza nzima. Kijana ambaye mama yake alimlea kwa nsansa ataona aibu kuagiza maharage siku aliyouza kipande kwa broka. Mimi pia niliona aibu hiyo. Nilipopata fedha za punda, kitu cha kwanza kilichobadilika kilikuwa sahani yangu.

Sasa niseme habari ya jike mmoja, kwa sababu bila huyo maungamo haya yatabaki maneno matupu.

Mwaka 2020, kwenye kijiji kimoja karibu na Nyarugusu, kijana alinipeleka nyumbani kwao kuangalia punda. Alikuwa na deni la duara lisilotema kitu. Punda alikuwa wa mama yake, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza maji, anachota kisimani na kupeleka kwa mama ntilie na kwenye mialo wanakooshea mchanga wa dhahabu. Kijana alisema mama amekubali. Mama hakuwepo, na mimi sikuuliza yuko wapi.

Nilimfunua mdomo: hajazeeka, ana miaka kama minane. Nilimtazama mgongo. Palipokaa mzigo palikuwa na alama ya kidonda cha zamani, lakini kilikuwa kimepona vizuri na manyoya mapya yalikuwa yameota juu yake, laini. Nikafurahi. Ngozi safi. Kisha nikapeleka mkono tumboni kwa mazoea tu, na mtoto akacheza chini ya kiganja changu.

Nilikadiria mimba ya miezi tisa. Sikusema kitu. Kijana alikuwa ananitazama usoni, akaniuliza kama kuna tatizo, nikasema hakuna. Nililipwa kwa kichwa, na kichwa kilichohesabiwa kilikuwa kimoja. Hilo ndilo lililonijia akilini wakati ule, kwamba nawapa tajiri zangu viwili kwa bei ya kimoja na hakuna atakayenishukuru. Tukamfunga kamba. Hakuvuta wala hakupiga mateke.

Ningependa kuandika kwamba baada ya siku hiyo niliacha. Sikuacha. Nilizuiwa. Desemba 2021 Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa wakati huo, Mashimba Ndaki, alitangaza kusitishwa kwa uchinjaji wa punda nchini. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2022, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia punda tu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakaafiki kusimamishwa kwa miaka 15 kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, bara zima. Tangazo la Ndaki lilinikuta na oda ambayo sijaikamilisha. Nililaani. Nilisema serikali inafuata hisia za wafadhili, nikauliza tena swali langu kwa yeyote aliyekaa karibu: mbona ng'ombe hawajamkataza? Safari hii hapakuwa na lori la kupakia baada ya kushinda, na nadhani ndiyo sababu nikaanza kujisikia mwenyewe ninachosema. Dhamiri yangu haikuwa na nguvu ya kuishinda fedha. Ilisubiri fedha iondoke kwanza. Naiungama hiyo nayo.

Nilikwenda Nyarugusu kumwomba mpwa wangu kazi. Alinipa, bila mahubiri. Nikawa napima mawe na kuandika magunia kwenye karasha. Na asubuhi moja akapita mama mwenye ndoo kichwani, nyuma yake binti wa shule ya msingi na dumu la lita kumi, saa ambayo wenzake walikuwa darasani. Mpwa wangu akasema: "Yule alikuwa na punda." Alinitazama, akarudi kwenye mashine.

Ilinichukua muda kumwendea. Nilimkuta anakoroga uji. Nikamsalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akaniwekea kigoda. Nikamwambia mimi ndiye niliyemnunua punda kwa mwanawe. Akasema anajua, kijiji hakifichi kitu. Nikaona nimalize yote, nikamwambia kwamba yule punda alikuwa na mimba na mimi nilijua.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nimempumzisha. Maji nilikuwa nabeba mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa manyoya yale mapya mgongoni. Mimi mtaalamu nilikuwa nimeyasoma kama daraja la ngozi. Yalikuwa ni miezi ya mwanamke mtu mzima aliyebeba ndoo kichwani ili mnyama azae salama. Wakati nikiwaambia watu minadani kwamba punda hawa wanateswa na mizigo tu, na kwamba kisu ni pumziko, mmoja wao alikuwa mapumzikoni nilipomchukua.

Nikaanza kumwambia kwamba siku hizi nimeacha kula ng'ombe, sijui kwa nini, nadhani nilitaka anione nimebadilika. Alinikatiza. "Mwanangu, mimi nyama nakula nikiipata. Sijakuuliza unakula nini. Nimeuliza maji ya saa hizi nabeba na nani?" Hakuwa ameuliza, lakini nilielewa.

Baadaye nilimsimulia mpwa wangu maneno hayo nikitarajia atakerwa na ile ya nyama. Hakukerwa. Alisema yeye angefurahi kama ng'ombe wote wa Shinyanga wangetunzwa na mtu aliyemtunza punda vile, ingawa bado asingemla hata mmoja. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipouona msimamo wake bila kejeli. Hasemi wafugaji ni watu wabaya. Anasema kumjali mnyama na kumchinja ni vitu viwili ambavyo tumevizoesha kukaa pamoja, na mtu akiwa na njia nyingine ya kushiba, anapaswa kuulizwa kwa nini anaviweka pamoja.

Mimi sijafika alipo. Nyama nimeacha kununua. Msibani nikipakuliwa hula kidogo, kwa sababu sijui namna ya kurudisha sahani ya mfiwa. Mtindi bado nakunywa, na kwa elimu yangu najua ndama dume wa ng'ombe wa maziwa huishia wapi. Dagaa bado nala, na mpwa wangu kila akiniona na sahani hiyo hunihesabia kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Kuna watu watakaosoma hapa na kusema, unaona, huyu bado si mkamilifu, kwa hiyo hana la kutuambia. Wanatumia hoja yangu ileile ya zamani. Kwamba nimeshindwa na mtindi hakunipi ruhusa ya kurudi kwenye supu, na hakukunipa ruhusa ya kumchukua jike wa yule mama.

Deni lake nalilipa kidogo kidogo. Alikataa nimletee punda nitakayemchagua mimi. Alisema nimpe fedha, atachagua mwenyewe. Bado sijamaliza, na yule binti bado anabeba dumu asubuhi.

Tangazo la 2021 halikuiua biashara nzima, na nawafahamu ninyi mnaoendelea nayo usiku. Mnayo maneno yenu, na mengine nadhani mliyatoa kwangu. Endeleeni kuuliza kama ng'ombe ni bora kuliko punda. Ni swali halali, na walaji wa ng'ombe wanastahili kuulizwa. Lakini anayejua kupapasa tumbo la jike akajua kilichomo, asije akaniambia kwamba anauliza kwa sababu hajui jibu.